Mwezi wa Tisa Kwetu Ni Mvua

Bwera, Kasese,
14 Septemba 2024

Mpendwa kaka Baluku,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na nakusalimu kwanza kwa sababu Mama amekataa nianze na maneno mengine. U hali gani huko Kanada? Wifi na watoto hawajambo? Sisi ni wazima, ukiacha kifua cha Mama, nacho kina sababu yake. Nimekasirika, kaka. Sitaficha.

Mama analala jikoni. Nyumba yake haina bati hata moja. Mwisho wa mwezi wa nane ulimpigia fundi Kezironi ukamwambia aezue mabati ya zamani, ayachukue yawe yake, kwamba mapya yatatoka Kasese mjini wiki hiyo hiyo. Mimi nilikuwa sokoni. Niliporudi nilikuta kuta tupu, na Mama amekaa nje kwenye kiti, redio yake mapajani.

Nilikuandikia kuuliza umepatwa na nini. Ukanijibu, na ujumbe wako ninao bado: "Usiwe na wasiwasi, dada. Huku kwetu ni mwisho wa kiangazi, na nimeangalia Kasese kwenye simu, ni jua tupu."

Kiangazi cha nani? Cha Kanada ndicho kinachokwisha sasa. Chetu kilikwisha kitambo, na wewe ulizaliwa huku huku mlimani. Umesahau kwamba wakati watoto wanajiandaa kwa muhula wa tatu sisi tunapanda maharage? Ni nani uliyewahi kumwona hapa akiezua nyumba wakati maharage yako ardhini? Hata mlevi hafanyi hivyo.

Na hiyo Kasese ya simu yako ni mjini, bondeni kwenye joto. Bwera haiko pale. Mvua ilishuka kutoka mlimani kesho yake mchana, kabla hatujawahi hata kutoa godoro. Ikarudi, na tangu hapo haijatuacha. Barabara ya kuja kwetu imekatika. Mtu wa miguu anapita, lakini lori la mabati yako mapya limeshindwa, likageuza. Godoro limeoza. Picha ya Baba ya ukutani imevimba mpaka uso wake hautambuliki, na nyingine hatuna.

Jumanne nilimfuata Kezironi kwao Mubuku. Nilitoka hapa nimelowa mpaka magotini. Nafika Kinyamaseke, katikati ya njia, vumbi. Nafika Mubuku, jua kali, watu wanafungulia mpunga wao maji ya mfereji. Kezironi ameshaezeka stoo yake kwa mabati ya Mama. Alitazama matope kwenye gambuti zangu akacheka.

"Dada, mvua gani? Sisi huku iko tunalilia maji. Bosi alisema ni kiangazi, mimi nikatoa mabati. Na ni bosi alinipa. Yeye akisema nirudishe, narudisha leo leo."

Nilitaka kumzaba kofi. Lakini yeye anaamini anga ya Mubuku kwa sababu ndiyo iliyo juu ya kichwa chake. Wewe ulipaswa kujua. Tangu siku hiyo simu zangu hupokei, eti uko kazini. Ndiyo maana barua hii nimempa Latifah, yule nesi, binti wa jirani yetu, anayerudi huko kesho. Atakupa mkononi, na nimemwomba asimame hapo mpaka umpigie Kezironi. Umwambie neno moja tu, arudishe; pale barabara ilipokatika tutayabeba kichwani. Mama anakohoa, na jiko lile lina moshi na mbuzi.

Yeye mwenyewe hana hasira na wewe, jambo ambalo linanikasirisha zaidi. Majirani anawaambia ni upepo ulioezua nyumba, ili wasikuseme vibaya. Ninapoandika hapa ananiambia, "Usimutie mutoto wangu maneno mingi. Iko mbali, hakuona." Maneno ninayatia.

Jana nilimsomea ule ujumbe wako, nikitaka akasirike nami. Aliniomba nirudie pale mwanzo, nikarudia, kisha akauliza, "Amesema huku kwetu? Kwetu ni wapi?" Akaenda kufunga mbuzi. Ukishampigia Kezironi, mpigie na yeye umjibu mwenyewe.

Nisalimie wifi Nabukenya na watoto. Wanangu Thembo na Gorret wanakusalimu, na shangazi Mackline anasema anakuombea, ingawa hakusema anaomba nini. Mungu awalinde wote, akupe baridi ya kiasi na paa lisilovuja.

Dada yako akupendaye hata kwa hasira,

Ithungu
Bwera, kwenu