Boti ya Ijumaa

Jumatatu, 1 Agosti 1983, Mutsamudu
Nimemgeuza mama kabla ya alfajiri, na tena baada ya uji. Tangu kiharusi, upande wa kulia hauna habari. Shuka zimelowa tena. Mgongo wangu unawaka. Nyumba hii ni yangu, mama alinipa nilipoolewa, kama mabinti wote wa hapa. Mume alishafunga mkoba akaenda zake. Nimebaki na nyumba, na mama ndani yake.

Leo amemwaga uji, nikamkaripia. Akaniomba radhi. Yeye kuniomba radhi mimi.

Jumanne, 2 Agosti
Harusi ya binamu yangu, Moroni, kisiwa kingine. Kaka Saidi kasema nenda upumzike kidogo, mama atakaa kwao Ouani. Saidi anaishi nyumbani kwa mkewe, mwanamume atakaa wapi tena? Mama hatakubali kuvuliwa nguo na mkwewe. Chakula cha pale pia atakionea haya. Mimi nayajua hayo, Saidi hayajui. Nimefunga mzigo.

Alhamisi, 4 Agosti, Moroni
Nimepakwa liwa ya msandali uso mzima, nimecheza mpaka miguu ikagoma. Jioni ikaja habari kwamba boti ya kurudi imechukuliwa na wanajeshi wa wale wazungu mamluki wanaomlinda rais. Wanawake wote wakasonya. Mimi nilifurahi. Basi, nimeandika.

Ijumaa, 5 Agosti
Boti nyingine imeondoka baada ya sala. Nafasi zilikuwepo tele. Nilisimama gatini na mzigo wangu mpaka wakafungua kamba.

Nikaenda posta, nikampigia Saidi simu kazini kwake, uwanja wa ndege. Nikamwambia mamluki wamechukua nafasi zote, mara ya pili hii. Akawalaani. Kila mtu anawalaani, kwa hiyo uongo wangu haukupata taabu. Nikarudi kwa binamu, nikalala kama gogo.

Jumapili
Nimelala tena. Nimekula nyama ya harusi. Mama anakula nini?

Jumatatu, 8 Agosti, Mutsamudu
Nimerudi kwa boti ya usiku, na mama wamemrudisha nyumbani. Ana kidonda mgongoni, kikubwa kama kiganja changu. Kinanuka. Alikataa kuogeshwa na wifi, alikataa hata kugeuzwa. Aliishi kwa maji na vipande vya ndizi, akisema ameshiba. Wifi analia, anadhani ni kosa lake. Saidi anawatukana wazungu. Nami nikatikisa kichwa pamoja naye. Mwoga mkubwa.

Jumanne
Sina cha maana cha kuandika. Namchukia mtu aliyelala Moroni.

Jumatano, 10 Agosti
Nimeosha kidonda kwa maji ya chumvi. Hakuguna. Nikiwa nyuma yake, asinione uso, nilimwambia kwamba boti ya Ijumaa ilikuwa na nafasi.

Kisha akauliza, kwa ule mdomo wake wa upande mmoja, "Ulilala, mwanangu?"

"Nililala, mama."

"Na mgongo wako?"

Nikamgeuza, akafungua mdomo, nikamlisha. Bakuli limekwisha lote.

Wifi naye lazima aambiwe ukweli. Kwenda Ouani siwezi, nani atamgeuza mama? Nimetuma salamu aje yeye. Atafika kesho asubuhi. Nimeosha vikombe.