Swali Langu Kuhusu Shaba

Kimamba, Jumanne usiku

Kesho mume wangu, mwalimu wangu mzuri wa kemia, anakwenda Morogoro kusailiwa. Akifaulu atasoma chuo kikuu Dar miaka miwili, na ndoa yetu bado changa hivi.

Mchana alifanya mazoezi ya usaili kwangu. Nilikuwa nachambua mchele. Akaupanga kwenye ungo, eti ndiyo shaba inayogeuza hewa ukaa na haidrojeni kuwa methanoli, aina ya spiriti.

"Chembe za katikati zimekaa tu. Kazi inafanyika pembeni, shaba inapogusana na zinki."

"Mmejuaje kuwa ni hapo?"

Akaanza kuzihesabu punje upya. Jamani, nampenda hata akikwama!

"Kwa kweli wataalamu bado wanabishana," akasema. "Na mimi nilitaka kusema ni hakika. Wasaili wangeninasa!"

Mama mkwe akachungulia. "Mwalimu, mchele huo tutaula au tutaufanyia mtihani?"

Tulicheka sana. Kisha akanishika mkono. "Mke wangu, niulize swali jingine."

Nilikuwa nalo moja: ukienda, utanichukua? Nikamwambia sina, nikaenda kupiga pasi shati lake la mtumba, kola mara mbili, apendeze.