Kaka Anachimba kwa Rangi

4 Februari

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila macho. Nisamehe herufi kubwa kama vibanda, nawe niandikie hivyo hivyo niweze kusoma. Ukungu umenifunga, watu nawajua kwa sauti tu. Kazi bado naimudu kwa sababu ya skrini ya hii mashine ya kuchimba mawe. Ngumu hiyo! Vumbi, mvua, jua la saa saba, tunaiosha kwa mpira wa maji, tunaibonyeza na glavu, wala haishtuki. Namba zake sizioni, lakini rangi naziona: kijani nachimba, njano natulia, nyekundu naacha. Usimwambie mtu. Bila mashine hii mimi ni gunia la kuegemezwa ukutani.

Kaka yako

19 Februari

Kaka wee, shikamoo! Umelalaje, umeamkaje, magoti je? Sisi wazima, isipokuwa fundi cherehani kakimbiwa na mkewe. Na huyo mke kahamia nyumba ya tatu tu, kila asubuhi wanasalimiana! Nimecheka mbavu sina.

Hayo macho yamenitoa machozi. Kwa nini hao wanaotengeneza skrini wasitengeneze na macho? Ya kuosha kwa mpira! Siri yako naimeza. Najua unacheka, mimi nikipewa siri asubuhi, mchana mtaa mzima umeshiba. Lakini hii, haki ya nani, naimeza.

Jirani yangu mpya ni mke wa Mfupi, yule mwenzenu wa kuongoza malori. Mcheshi huyo!

Dada yako

30 Machi

Kaka, shikamoo. U mzima? Mimi sijijui.

Jana nachambua mchele na mke wa Mfupi. Ananihadithia mumewe husimama chini kabisa ya ndoo ya mashine yako, anaelekeza malori. "Wala haogopi," anasema, "kaka yako ana macho ya mwewe." Akacheka. Mimi nikainamia mchele. Skrini yako inaujua mwamba, Kaka. Mfupi inamjua?

Nikamwambia. Yote. Alitoka na kiatu kimoja, mbio, kumpigia mumewe simu.

Watu watasema nimeropoka. Wewe usiseme. Kuropoka nakujua mimi, ni kutamu. Hili lilikuwa chungu mdomo mzima. Nijibu, hata tusi.

Dada yako

21 Aprili

Kaka, shikamoo. Hujambo? Au barua ilipotea? Fundi cherehani na mkewe wamerudiana. Ni hilo tu.

Dada yako

2 Juni

Dada,

Marahaba. Anayeandika ni Mfupi, mimi nasema tu. Afya ipo.

Walinikalisha mbele ya skrini. Bosi wa zamu akauliza, "Hapo pameandikwa ngapi?" Nikasema kijani. Akauliza tena, polepole, kama anaongea na mtoto. Nikasema, kijani, bosi. Wakazima mashine. Mfupi ndiye aliyenishika mkono kwenye ngazi. Anasema kila asubuhi alikuwa ananipungia kutoka chini ya ndoo, akadhani namringia.

Ulifanya sawa. Nalijua hilo, na bado linanikwama kooni. Kwako siji. Nimepata chumba karibu na geti. Nasikia mashine yangu, anaiendesha mwingine, anakanyaga mafuta vibaya.

Barua andika, Mfupi atanisomea. Ila nimemwambia asome salamu tu, halafu aikunje.

Kaka yako