Msisimame Timboroa

Eldoret,
9 Februari 2025

Kwa kaka Kihara,

Pokea salamu za Mama kwanza, zangu zifuate. U mzima, na kifua kile cha baridi kiliisha? Sisi tuko, ingawa nikisema tuko salama nitakuwa nimetia chumvi. Mama sasa anapumua kwa mashine ya oksijeni mchana kutwa.

Nakuandikia kwa sababu simu za nyumba hii zote husikilizwa kwa spika, unamjua mamako. Daktari alinikalisha kando akaniambia tumpe anachotaka. Anachotaka ni kimoja. Anataka kurudi Ndabibi, alale nyumbani kwake, na siku ikifika azikwe kando ya Baba. Ni miaka sita tangu nimlete huku kwa matibabu, na bado anauliza kama ile avokado ya nyuma ya jikoni imezaa.

Kuketi hawezi, ni kulala tu. Ambulansi ameikataa, anasema hiyo ni ya watu wasiorudi. Lakini nimempata kijana anaitwa Kipyegon, dereva wa lile gari kubwa lenye nyumba ndani ambalo wazungu wanaokuja kukimbia Iten hukodi. Lina kitanda, jiko, choo, na umeme wa kutosha mashine ya Mama. Shida ni ukubwa wake. Lina urefu wa mita nane na kimo cha mita tatu na nusu, na likijazwa maji lina uzito wa tani saba. Kipyegon anasema hajawahi kulipeleka upande huo, na gari kama hilo haliendeshwi kwa kubahatisha.

Wewe umeendesha lori miaka ishirini na mbili. Tafadhali tupangie njia.

Ni mimi dada yako,
Wangare


Nakuru,
2 Machi 2025

Kwa dada yangu Wangare,

Salamu, na pole kwa kazi ya kumtunza Mama. Mimi ni mzima, kifua kiliisha. Ukiniandikia tena, tuma kwa basi hadi duka la spea la Chelangat hapa Nakuru. Huku kwetu barua huzeeka njiani.

Kwa hiyo sasa mnataka kusafiri na nyumba yenye usukani. Haya, mwambie huyo Kipyegon asikie maneno ya mzee. Mtoke Eldoret saa tatu, ukungu wa Burnt Forest ukishainuka. Timboroa ndipo juu kabisa, na hewa ya huko ni nyembamba hata kwa mtu mwenye mapafu mazima. Mwongezeeni Mama oksijeni kabla hamjafika. Msisimame Timboroa. Najua ataomba karoti na viazi vya kando ya barabara, maana hajawahi kupita pale bila kununua. Mdanganye kwamba mtanunua mbele.

Mkishuka kuja Salgaa, gia iteremshwe kabla ya mteremko, si katikati yake. Breki ya gari zito ni gia. Nakuru msiingie mjini, kuna nyaya zimelegea na matawi, mtang'oa paa. Mkiipita Elementaita upepo utawapiga ubavuni, na gari refu hivyo hushika upepo, kwa hivyo msizidi hamsini. Naivasha mzunguke ziwa kwa upande wa kusini hadi Kongoni. Na Mama atataka kumwelekeza dereva. Mwambie Kipyegon aitikie tu.

Baada ya Kongoni ndipo kuna neno. Unakumbuka kale kadaraja ka kwa Sitati? Kamepasuka nguzo. Hakabebi zaidi ya tani nne siku hizi, na kukazunguka hakuna. Ngojeni kwanza katengenezwe, nitawaambia.

Mwambie Mama avokado imezaa. Na maji ya ziwa yaliishia kwenye fensi ya chini, vile nilimwambia.

Ni mimi kaka yako,
Kihara


Eldoret,
6 Aprili 2025

Kaka mpendwa,

Hujambo? Sisi tumevuka mwezi, tunashukuru Mungu. Mama alikonda zaidi Machi, lakini barua yako imemfurahisha kuliko dawa. Kila siku baada ya chai huniambia nimsomee njia. Mimi nasoma, yeye anafuatisha kwa kidole juu ya blanketi, Burnt Forest, Timboroa, Salgaa. Nikifika kwa Sitati kidole kinasimama, halafu ananiambia nirudi mwanzo.

Nimefikiria habari ya uzito. Kipyegon amemwaga maji yote ya tangi, ametoa viti, meza na mtungi wa pili wa gesi. Tumelipima gari kwenye mizani ya mahindi tukapata tani tano na nusu. Mama mwenyewe ni kilo thelathini na nane. Yule aliyekuwa akibeba debe la mahindi kichwani huku amekushika wewe mkono.

Je, hakuna njia nyingine kabisa? Hata kama ni ndefu. Hata kama tutashuka na kumbeba kwa kitanda. Daktari hasemi miezi tena, Kihara, anasema wiki. Usiponisaidia wewe sijui nani atanisaidia.

Ni mimi dada yako,
Wangare


Nakuru,
27 Aprili 2025

Dada Wangare,

Salamu. Natumai Mama amelala vizuri. Mimi niko.

Njia nyingine nimeiangalia. Ni udongo mweusi wa kunata, na mvua imeanza. Gari la tani tano likiingia hapo litatolewa na trekta. Nyaya za stima nazo ziko chini, mita tatu hivi. Haifai.

Afadhali mfike Nakuru. Nitatafuta mahali penye kivuli mwegeshe, nami nitakuja nikae na Mama hata wiki nzima. Nyumbani tuache kwanza.

Kaka yako,
Kihara


Eldoret,
25 Mei 2025

Kihara,

Tuko. Mama hali tena uji.

Nilimtuma Kipyegon kwa pikapu aende akalione hilo daraja kwa macho yake. Alifika kwa Sitati. Mzee Sitati mwenyewe alimcheka. Alimwambia nguzo zile hazijawahi kupasuka, na kwamba Jumanne iliyopita lori la mawe lilipita hapo likiwa na tani kumi na moja. Kipyegon alipima upana, akapima na nyaya. Ni mita tano kutoka ardhini. Mvua kubwa ilimzuia asiendelee mpaka nyumbani, akarudi.

Kwa hivyo umenidanganya. Umemdanganya mwanamke anayepumua kwa mashine, na mimi ndiye niliyemsomea uongo wako kila siku baada ya chai kama Zaburi. Nimekaa nikijiuliza kwa nini. Umeuza shamba? Umeweka watu ndani ya nyumba ya Mama? Chochote kile, afadhali ungekisema. Mimi nimemwosha na kumgeuza miaka sita, sijakuomba hata siku moja unisaidie kumgeuza. Nilikuomba njia tu.

Tunaondoka tarehe nane Juni. Uwepo au usiwepo.

Wangare


Dundori,
30 Mei 2025

Dada yangu,

Sijui nikusalimu vipi baada ya barua yako. Nakusalimu tu. Chelangat ameipatia barua hii nafasi kwenye basi la leo ili ifike kabla hamjaondoka.

Ona nilipoandikia. Ninaishi Dundori kwa mjomba Ephantus, alikozaliwa Mama, nalima viazi vyake. Ni karibu miaka mitano sasa. Sijauza shamba. Shamba halipo, Wangare. Ziwa lilikuja.

Ule mwaka maji yalipopanda, niliyaacha kwenye fensi ya chini, kweli kabisa. Nilipata mzigo wa kwenda Kampala. Nikasema nikirudi nitaita fundi na mchungaji tumhamishe Baba aje juu, karibu na barabara. Mpakani Malaba nilikaa kwenye foleni ya malori siku tisa. Niliporudi maji yalikuwa ndani ya jikoni. Msalaba wa Baba ulikuwa umebaki mikono tu. Niliingia, maji yakafika kifuani, majirani wakanivuta kwa sababu viboko walikuwa wameshahamia pale kwenye mahindi. Wiki iliyofuata hata mikono haikuonekana. Ile avokado ilikauka imesimama ndani ya maji.

Mama alipopiga simu siku ile akauliza maji yamefika wapi, nikamwambia fensi ya chini. Nilitaka kungoja apate nafuu kidogo. Hakupata. Na uongo nao, ukishauendesha mbali hivyo, huoni mahali pa kugeuzia.

Daraja la Sitati ni zima. Nilipasua nguzo zake kwa kalamu kwa sababu baada ya lile daraja kuna kilomita mbili za barabara, halafu barabara inaingia ziwani. Kila mwezi mimi huenda kusimama hapo. Nilikuwa sitaki Mama asimame hapo.

Kama utamwambia, mwambie. Kama utaweza kumzuia, mzuie. Sina haki ya kukuchagulia.

Mimi kaka yako, kama bado,
Kihara


Eldoret,
5 Juni 2025

Kaka,

Barua imefika. Mama aliona bahasha akataka asomewe. Nilijaribu kuruka, akasema sauti yangu inajikwaa, nisome yote. Nimesoma yote.

Alifuatisha njia kwa kidole juu ya blanketi, safari hii akapita kwa Sitati. Halafu akasema, "Twende. Aniambie mwenyewe."

Tutakupata kwa Sitati, Jumapili alasiri.

Dada yako,
Wangare


Dundori,
21 Juni 2025

Kwa dada yangu Wangare,

Nimeiweka barua hii mbele ya usukani, ukiamka uikute. Tumekaa pamoja siku hizi zote, tumepokea watu, tumezika, na bado maneno haya hayajatoka mdomoni. Afadhali niyaandike.

Ile Jumapili, wewe na Kipyegon mlipobaki kwa Sitati kuchemsha maji, mimi ndimi niliyeliendesha gari zile kilomita mbili. Mama aliomba. Ulidhani nitasimama mbali na maji. Alinihimiza songa, songa, mpaka magurudumu ya mbele yakaingia majini, ndipo akasema hapo panatosha. Lile dirisha kubwa la kitandani lilikuwa linatazama pale nyumbani. Nilimwonyesha avokado. Nikamwonyesha mahali pa Baba kwa kukisia.

Aliniuliza, "Malaba ulikuwa unangoja nini?" Nikamwambia karatasi za mzigo.

Akasema, "Mtu hawezi kuwa kwa foleni na awe kwa maji. Hilo sikulaumu. Lakini ungeniambia, Kihara. Miaka hii yote nimekuwa nikiongea na baba yako nikijua yuko mahali pakavu."

Nililia, Wangare, nikiwa nimeshika usukani. Aliniacha nilie. Baadaye akaniambia nirudi nyuma polepole nisizamishe gari la wenyewe, na kwamba asipelekwe makaburi ya mji. Akasema kama kwa mume wake hakuna ardhi, arudishwe kwao Dundori. Uliposikia mjomba Ephantus akitaja pembe ya shamba la viazi, uliuliza ni nani aliyemwomba. Ni Mama, kupitia kwangu. Najua inakuuma kwamba amezikwa kwao kama msichana ambaye hakuolewa. Inaniuma pia. Zile siku nne alizoishi hapa ndani ya gari, mlango ukiwa wazi, sikupata nguvu ya kukuambia. Nilikuwa namgeuza. Ulinionyesha jinsi ya kuweka mkono chini ya bega, na nakushukuru kwa hilo.

Sasa njia ya kurudi. Kutoka hapa mteremko wa Dundori una kona kali na viazi humwagika barabarani, Kipyegon ateremke kwa gia ya pili. Nakuru mpite nje. Kupanda Salgaa mkae kushoto, muwaachie wenye haraka. Hii njia nimeipanga kwa ukweli, kila kona niliyoitaja ipo.

Nimepiga hesabu ya uzito tena, mazoea ya kazi. Mmeacha huku kilo thelathini na nane. Kwa gari la tani tano hakuna daraja litakalojua tofauti.

Mkifika Timboroa, mnaweza kusimama. Mnunulie karoti.

Ni mimi kaka yako,
Kihara