Kumbukumbu za Kikao cha Kuamua Kama Ukumbi Wetu Uvunjwe Ili Mgodi Upone

UMOJA WA WAKAZI WA MTAA WA MGODINI
Kikao cha dharura kilichofanyika Jumamosi, ukumbi wa Umoja, kuanzia saa nne asubuhi (baadhi ya wajumbe walianza saa tano).

WALIOHUDHURIA
Mwenyekiti – nyapara mstaafu wa mgodi
Katibu – mkwe wake, mwandishi wa kumbukumbu hizi
Mwendesha winchi – mtoto wa Mwenyekiti, mume wa Katibu
Fundi mwashi
Fundi cherehani
Kinyozi

MWALIKWA
Mhandisi wa mgodi

HAKUWEPO
Mwoka mikate. Amehama na tanuri lake.

KUMB. NA. 1/ KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kufika na kumkumbusha Kinyozi kwamba salamu si hotuba. Kinyozi alisema amesikia, kisha akaendelea.

KUMB. NA. 2/ FAIDA YA MGODI KWA MTAA
Mhandisi aliomba aelezwe mgodi unaufaa nini mtaa, apate la kuwaambia wakubwa wake. Fundi cherehani alisema ovaroli hupasuka magotini, na magoti hayo ndiyo yaliyosomesha wanawe. Kinyozi alisema shifti zikijaa, mkono wake hufa ganzi kwa kunyoa. Siku hizi wanaume wananyolewa na wake zao, na kama Mhandisi haamini, akitazame kichwa cha Mwendesha winchi. Mhandisi alikitazama. Katibu, aliyekinyoa, anaweka kumbukumbu kwamba kichwa hicho hakikutulia.

KUMB. NA. 3/ MUSTAKABALI WA MGODI
Mhandisi alieleza kwamba shaba ya chini inakwisha na mwakani mgodi utafungwa. Hata hivyo ipo mashine mpya inayoweza kutoa shaba katika mawe yaliyotupwa zamani kama taka, na lundo la nyuma ya mtaa lina kazi ya miaka mingi. Wakubwa watainunua iwapo watapata kwanza malori machache ya mawe ya zamani ya kujaribia, kabla ya mwisho wa mwezi. Tatizo ni kwamba mawe hayo yako chini kabisa ya lundo, na kulichokonoa ni kuliangusha juu ya nyumba za watu.

Fundi cherehani aliuliza kama hayapo mahali pengine. Fundi mwashi alikohoa. Alipoulizwa anakohoa nini, alijibu, "Jamani, si mmeyaegemea!"

Alikumbusha kwamba ukumbi huu aliujenga kwa mawe ya taka ya enzi hizo. Aliyachagua meusi, mazito, tena ya bure. Mhandisi aliinuka, akakwangua chokaa kwa ufunguo, pakatokea ile rangi ya kijani ambayo kila mwaka tunaipaka chokaa tukidhani ni ukungu. Alicheka peke yake. Alisema hiyo ni shaba, na hakuna mkubwa atakayeiona akakataa kuleta mashine. Wajumbe wote waliacha kuegemea ukuta.

Fundi mwashi, ambaye amelaumiwa na Mwenyekiti tangu ujana wake kwa kujenga ukuta unaovuta maji, aliomba iandikwe kwa herufi kubwa: UKUTA HAUJAWAHI KUWA NA UNYEVU. Imeandikwa. Mwenyekiti alisema yaliyopita si ndwele.

KUMB. NA. 4/ KUVUNJA UKUMBI
Mwenyekiti alipinga. Alisema usiache mbachao kwa msala upitao. Fundi cherehani alijibu kwamba mbachao wenyewe una matundu. Mwenyekiti akasema mabati yataharibika. Hilo lilipojibiwa, akasema Mhandisi bado kijana.

Mwendesha winchi aliomba nafasi. "Baba, begi langu liko nyuma ya mlango. Nimeshaitwa mgodi wa mbali. Huu ukifungwa naondoka, na mwanangu nitamwona kwenye simu." Mwenyekiti alisema begi halimo kwenye ajenda.

Hapo Katibu aliweka kalamu chini, kwa hiyo sehemu hii imeandikwa kwa kukumbuka. Alisema, "Baba, nisamehe. Si mabati. Ni mama."

Kwa faida ya Mhandisi ilielezwa kwamba marehemu mke wa Mwenyekiti ndiye aliyebeba maji ya kukorogea saruji ya ukumbi huu. Siku Mwenyekiti alipokataza mtu yeyote kugusa kizingiti kibichi, yule mama alikibandika kiganja chake palepale, akamcheka. Alama ipo mpaka leo, na Mwenyekiti hajawahi kuikanyaga.

Mwenyekiti aliagiza hayo yasiandikwe. Agizo lilitiiwa mpaka kalamu ilipoinuliwa. Alitoa leso. Kinyozi hakusema neno, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Mhandisi alisema kwa sauti ya chini kwamba saruji haina shaba, hana haja nayo. Fundi mwashi aliahidi kukitoa kizingiti kizima na kukiweka kwenye mlango wa ukumbi mpya.

"Hata kidole kimoja kisipotee?" Mwenyekiti aliuliza.

"Hata ukucha, mzee."

Iliazimiwa kwamba ukumbi uvunjwe kuanzia Jumatatu, kizingiti kikitangulia kutoka. Fundi cherehani alisisitiza kwamba mashine ifungwe hapahapa na vijana wa mtaa wafundishwe kuiendesha, la sivyo tutakuwa tumeuza ng'ombe na maziwa. Mhandisi alikubali kulipeleka hilo kwa wakubwa.

KUMB. NA. 5/ MENGINEYO
Kinyozi, akiwa amepona, alitoa banda lake litumike kwa vikao, mradi kila mjumbe aje na nywele. Ilikubaliwa.

KUMB. NA. 6/ KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa saba mchana. Akitoka, Mwenyekiti aliinama, akaweka kiganja chake juu ya kile cha mkewe. Kisha aliomba nyundo akalegeza jiwe la kwanza mwenyewe. Katibu alimkumbusha kwamba azimio linasema Jumatatu. Alijibu, "Mkwe wangu, andika tu."

Mwendesha winchi alitangulia nyumbani mbiombio. Katibu alipofika alikuta begi tupu na nguo zote kitandani, hata moja haijakunjwa. Suala hilo litajadiliwa nje ya kikao.

Sahihi: ........................
Mwenyekiti (amesoma na kukubali yote, isipokuwa habari ya leso)

Sahihi: ........................
Katibu (leso ilikuwepo)