Uso wa Bibi kwenye RAW

Jumapili, jioni

Leo nimembishia Kaka Ezekia. Mimi!

Kamera yake huhifadhi kila picha mara mbili: JPEG ndogo, na RAW kubwa inayobeba mwanga wote. Kadi imejaa, akaniambia, "Dogo, futa hizo RAW, bakiza JPEG. Picha ghafi zinakula nafasi bure." Nikaitikia tu, kama kawaida yangu.

Ila kwanza nikafungua kwenye kompyuta picha ya Bibi akigeuza kahawa inayokauka kichanjani. Kwenye JPEG uso ulikuwa giza tupu, jua lilikuwa nyuma yake. Na Bibi hapigwi picha mara ya pili, anasema moja inatosha. Nikafungua RAW, nikaongeza mwanga, akatokea anacheka.

Nikawaita Bibi na Kaka waone.

"Mh, mpaka pengo! Lifute hilo!" Bibi akasema.

"Sifuti kitu," nikasema, nikimtazama Kaka.

Kaka akanipa flashi yake ya kuhifadhia mafaili. "Haya, mtunze humo."