Shikamoo kwa Sanamu

Mama, shikamoo.

Newala kuna baridi. Ukungu hauachii mpaka saa nne, na mihogo tunayopewa pamoja na chai inapoa kabla sijamaliza kipande. Wenzangu mezani wanaongea Kimakonde. Mimi na Kiyao changu tumenyamaza.

Leo tumefundishwa kumrudisha mtu aliyesimama moyo. Tunajifunzia kwenye sanamu la mpira linalolazwa sakafuni. Mkufunzi akaniita: "Haya, muuguzi wa Nanganga, mtikise mabega, umwite kwa sauti." Nikapiga magoti, nikamshika mabega, na neno likanitoka lenyewe: "Shikamoo, mama!" Kisha nikasubiri.

Darasa zima likaangua kicheko. "Dada, mtu hapumui, wewe unangoja marahaba?" mkufunzi akasema. "Kandamiza kifua!" Nikakandamiza huku nacheka nao.

Hawajui kwamba siku ya kuja huku niliondoka alfajiri, wewe umelala. Nilisimama mlangoni nikasikiliza unavyopumua, nikaona vibaya kukuamsha, nikaenda zangu bila kukuamkia. Tangu nijue kusema sijawahi kufanya hivyo. Ile shikamoo nimetembea nayo siku zote hizi, na leo imeangukia kwa sanamu.

Usiache dawa za presha, hata ukijisikia mzima. Na kadi hii ikikufikia, niitikie kwa sauti, hata kama uko peke yako jikoni. Mimi huku bado nimepiga magoti.

Mwanao,
Somoe